Mtoto mwenye hali ya Down: tusimtwishe mama mzigo usiokuwa wake

  

Ndugu Waislamu, katika mashauri ya ndoa yanayoletwa mbele yetu hapa Songea, yapo ambayo chanzo chake si matumizi, wala ukewenza, wala ulevi, bali ni mtoto. Amezaliwa akiwa na macho yaliyoinuka kidogo pembeni, uso bapa, shingo fupi na viungo vilivyolegea. Ananyonya kwa tabu, anachelewa kukaa, anachelewa kutembea na kusema. Pengine wazazi wameelezwa hospitali kwamba mtoto ana hali iitwayo Down, pengine hawakuelezwa lolote wakaachwa wajionee wenyewe. Kisha yanaanza maneno ya barazani. Mama mkwe anasema katika ukoo wao hajapata kuzaliwa mtu wa namna hiyo. Wifi anauliza huyu mwanamke alikuwa akienda wapi wakati mumewe yuko safarini. Mume, ambaye usiku wa kwanza alilia pamoja na mkewe, mwezi wa pili anahamia kwa ndugu yake, na kabla mtoto hajatimiza mwaka talaka imekwisha kuandikwa.

Tunayaandika haya kwa sababu talaka za namna hii zinaandikwa na watu wanaoswali, tena wengine wakidhani wamejitenga na laana. Tunasema wazi kwamba mwanamke huyo hakutenda kosa lililomleta mtoto yule, na mume anayemwacha kwa sababu hiyo anamdhulumu yeye na mtoto kwa pamoja.

Wa kwanza kutufundisha jambo hili si daktari. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) habari ya mtu wa kabila la Banu Fazara aliyemjia Mtume (S.A.W.) akilalamika kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi, na ndani ya maneno yake mlikuwamo dokezo la kumkana. Mtume hakumwita mwanamke yule kumhoji. Alimwuliza mtu huyo kama anafuga ngamia. Akajibu kuwa anao. Akamwuliza rangi zao, akajibu ni wekundu. Akamwuliza kama miongoni mwao hayumo wa kijivu, akakiri kuwa wamo. Alipotakiwa aeleze hao wa kijivu wametoka wapi, akasema labda ni asili ya mbali iliyowavuta. Hapo Mtume akamfahamisha kwamba na mwanawe huenda amevutwa vivyo hivyo, wala hakumpa ruhusa ya kumkana. Wanavyuoni wamechukua katika Hadithi hii hukumu iliyo wazi kwamba umbo la mtoto peke yake si ushahidi wa kumtuhumu mama yake.

Elimu ya tiba ilichukua karne nyingi kufika hapo. Mwaka 1866 daktari wa Kiingereza, John Langdon Down, aliandika sifa za watu wenye hali hii, ndiyo maana ikaitwa kwa jina lake, lakini kuhusu sababu alikosea, kwani alidhani ni suala la kabila na mbari. Ni mwaka 1959, mjini Paris, ambapo Jérôme Lejeune na wenzake, akiwamo Marthe Gautier, walitangaza waliyoyaona kwa darubini, na tangu hapo sababu yenyewe haina shaka tena.

Kila chembe hai ya mwili wa mwanadamu hubeba vifurushi vya urithi viitwavyo kromosomu, navyo ni 46, vimepangwa jozi 23. Nusu inatoka kwa baba na nusu kwa mama. Hatupendi mtindo uliozagaa wa kuilazimisha kila aya iwe somo la biolojia, lakini msomaji wa Surat Al-Insan, aya ya pili, anajua kwamba Qur'ani imetaja tone lililochanganyika, na wafasiri wa kale waliliona humo fungu la mwanamume na la mwanamke. Sasa, ili yai la mama au mbegu ya baba ibaki na kromosomu 23, lazima kila jozi iachane, mmoja huku na mwenzake kule. Hutokea jozi ya 21 ikashindwa kuachana. Yai hilo likirutubishwa, mtoto anakuwa na kromosomu 47, ile ya 21 ikiwa tatu badala ya mbili, na hali hiyo inakuwa ndani ya kila chembe ya mwili wake tangu saa ya kwanza. Hivi ndivyo ilivyo kwa watoto takriban 95 katika kila 100 wenye hali ya Down.

Kwa hiyo jambo hili linakuwa limekwisha kabla mama hajajua kuwa ana mimba. Chakula alichokula mwezi wa tano, alichokitazama njiani, kaburi alilopita karibu, ugomvi aliougomba na jirani, kazi nzito aliyoifanya shambani, vyote hivyo vimekuja baada ya shughuli kumalizika.

Ni kweli kwamba mara 9 hivi katika kila 10 kromosomu hiyo ya ziada hutokea upande wa yai, na mara chache upande wa mbegu ya mwanamume. Mume asirukie maneno haya akasema alijua tangu mwanzo. Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na mayai yake tayari, na mayai hayo huanza kugawanyika angali tumboni mwa mama yake, kisha husimama katikati ya kazi, yakasubiri miaka 20, 30 au 40 mpaka mwezi ambao kila moja litakomaa. Kadiri yanavyosubiri ndivyo viungio vinavyoshika zile jozi vinavyochakaa. Yai lililokuumba wewe unayesoma gazeti hili liliumbwa wakati mama yako yumo tumboni mwa bibi yako. Nani katika hao unataka kumpa talaka?

Kwa sababu hiyo umri wa mama ndio jambo kubwa linalojulikana kuongeza uwezekano. Kwa mwanamke wa miaka 20 ni mtoto mmoja katika watoto wapatao 1,500. Kwa wa miaka 35 ni mmoja katika takriban 350, kwa wa miaka 40 mmoja katika 100, na kwa wa miaka 45 mmoja katika 30 hivi. Lakini watu wakizisikia hesabu hizi huzipindua. Hata katika miaka 40, watoto 99 katika kila 100 hawana hali hii. Na watoto wengi wenye hali ya Down wamezaliwa na mama walio chini ya miaka 35, kwa kuwa wanaozaa sana ndio hao. Tumewahi kumwona mama wa miaka 22 akiambiwa mbele ya watu kwamba mambo haya huwapata vikongwe, basi yeye lazima ana lake jambo. Huo ni ujinga uliovaa kanzu ya elimu.

Wala hatusemi kwamba mwanamke akifika miaka 40 asizae. Nabii Zakariya (A.S.) na mkewe walijaaliwa Yahya katika uzee, na habari yao imetajwa katika Surat Maryam kwa kusifiwa. Tunalosema ni kwamba mume na mke wenye watoto sita au saba, nao wamekwisha kufikia umri huo, wana ruhusa ya kukaa na kushauriana. Masahaba walifanya azli zama za Mtume, kama alivyosimulia Jabir (R.A.), na jumhuri ya wanavyuoni wameruhusu mke na mume kupanga kwa ridhaa yao. Kinachotuchukiza ni mume anayemlazimisha mkewe azae hadi nguvu za mwisho, kisha mtoto akizaliwa na hali hii anaoa msichana na kusema anatafuta kizazi safi.

Lipo kundi dogo, watoto 3 au 4 katika kila 100 wenye hali ya Down, ambao kwao kipande cha kromosomu ya 21 kimejishikiza juu ya kromosomu nyingine. Hapo huenda mzazi mmojawapo, baba au mama, amebeba mpangilio huo akiwa mzima kabisa, na inaweza kujirudia. Ndiyo maana wazazi waliopata mtoto mwenye hali hii, nao wanataka kuzaa tena, wamwombe daktari awaelekeze juu ya kipimo cha kromosomu. Hakipatikani kila mahali na kinaweza kuwafikisha Dar es Salaam, lakini kinajibu swali ambalo baraza zima la ukoo haliwezi kulijibu.

Hapa ndugu msomaji atauliza, je, wazazi hawana la kufanya kabla ya mimba? Wanalo kubwa, ila yatupasa kuwa wakweli juu ya nini kinazuilika na nini hakizuiliki. Hakuna kidonge, mzizi wala chakula kilichothibitika kuzuia jozi ya 21 isishindwe kuachana. Anayekuuzia dawa ya kuzuia Down anakuibia. Lakini yapo maradhi mengine ya watoto, mengi tu, ambayo afya ya wazazi kabla ya mimba inayapunguza au kuyaondoa kabisa, na hayo tunayapuuza huku tukihangaika kumtafuta mchawi wa hili.

Chukua mgongo wazi, yaani mtoto anayezaliwa uti wa mgongo haukufunga, na mara nyingi kichwa chake kikajaa maji. Uti huo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hawajui kama wameshika mimba. Kinga yake ni asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba. Sasa tazama mwenendo wetu. Mwanamke huanza kliniki mwezi wa tatu, wa nne, wengine wa sita, akapewa vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu ambavyo ndani yake mna foliki. Vinamfaa sana kwa damu, lakini mgongo wa mtoto ulikwisha kufunga au kushindwa kufunga miezi mitatu nyuma. Kanuni za Serikali za mwaka 2011 ziliweka utaratibu wa kuongeza virutubishi, foliki ikiwamo, katika unga wa ngano na wa mahindi unaotoka viwandani. Ni jambo jema, ila sisi wa Ruvuma tunaishi juu ya ghala la mahindi. Mahindi yetu hatuyanunui kwenye paketi, tunayavuna, tunayakoboa na kuyasaga kwenye mashine ya mtaani, na unga huo hauna alichoongeza mtu. Tena tunapenda sembe nyeupe iliyokobolewa hadi ikapoteza hata kile ilichoumbwa nacho. Kwa hiyo bibi harusi wa Lizaboni au wa Namtumbo hafikiwi na kanuni ile. Anahitaji maharage, mboga za majani zisizopikwa zikarojeka, na kidonge cha foliki ambacho bei yake haifikii hata sehemu ndogo ya gharama ya mapambo ya ukumbi.

Chukua pia rovu. Wazee wa nyanda hizi za juu kusini wanakumbuka shingo zilizovimba vijijini, kwa sababu udongo wa milimani una upungufu wa madini joto. Uvimbe wa shingo ndio unaoonekana, lakini madhara makubwa ni kwa mtoto, kwani mama asiye na madini hayo ya kutosha kabla na mwanzoni mwa mimba huweza kuzaa mtoto mwenye upungufu wa akili na uziwi. Huo ni ulemavu wa akili unaozuilika kwa chumvi. Chumvi yenye madini joto ilipoanza kuenea miaka ya 1990 hali ilibadilika sana, ila bado wako wanaonunua chumvi ya mawe isiyotiwa kitu kwa sababu imepungua bei kidogo.

Kisukari kisichodhibitiwa kabla ya mimba huharibu moyo na mgongo wa mtoto. Kaswende huua mimba au humzaa mtoto mgonjwa, nayo huletwa nyumbani mara nyingi na mwanamume. Pombe hudhuru ubongo wa mtoto tumboni. Mwislamu hakuhitaji daktari amkataze, lakini tunajua ulanzi na komoni vinaingia katika nyumba za nani.

Kisha kuna selimundu. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo nchini mwetu kila mwaka. Baba na mama wakiwa wote wawili wamebeba chembe hiyo, nao ni wazima, kila mimba yao ina uwezekano wa moja katika nne wa kupata mtoto mgonjwa. Hapa ndoa za binamu huongeza uwezekano. Ndoa hizo ni halali, hakuna wa kuziharamisha, na Down ya kawaida haiongezwi nazo, lakini maradhi ya namna ya selimundu hujificha katika koo na kukutana binamu wanapooana. Saudi Arabia iliweka mwaka 2004 sharti la wachumba kupimwa selimundu na thalasemia kabla ya ndoa, na wanavyuoni wa huko hawakuona kuwa ni kuingilia kadari. Sisi tunaomba jambo dogo zaidi. Imamu anapoletewa habari ya posa, awaulize mawalii wa pande zote mbili kama vijana wamepimwa, wote wawili, si msichana peke yake, miezi miwili au mitatu kabla ya nikahi. Majibu yatakayopatikana ni amana, yasipelekwe msibani wala sokoni. Mtume alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake kisha ategemee kwa Mola wake, nasi tunaisimulia Hadithi hiyo kila siku isipokuwa siku ya posa.

Na mtoto akishazaliwa na hali ya Down, milango miwili hufunguka. Mmoja ni wa mganga. Atasema mtoto amebadilishwa, au kafungwa na jini la upande wa mama, ataomba mbuzi mweusi na pesa, na wazazi watazungushwa hadi mahindi ya akiba yaishe. Imepokewa na Muslim kwamba anayemwendea mpiga ramli na kumwuliza, swala zake za siku 40 hazikubaliwi. Hasara nyingine ni ya mtoto mwenyewe. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na nyingi kati ya hizo hutibika kwa upasuaji ukifanyika mapema. Miezi inayopotea kwa mganga ndiyo miezi ya moyo huo. Mlango wa pili ni hospitali. Wazazi wampeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Peramiho, waombe achunguzwe moyo, masikio, macho na tezi ya shingo. Ikibidi waombe rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015 na inayowapasua watoto. Safari ni ndefu, tunajua. Katika nchi zenye huduma, mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wenye hali hii waliishi wastani wa miaka 25, na leo wanakaribia 60. Kromosomu zao ni zile zile, matunzo ndiyo yaliyobadilika.

Kuhusu majina tunayowaita, zezeta, taahira, na mengine ambayo hatuyaandiki, Surat Hujurat imekwisha kukataza kuitana kwa majina ya kejeli. Tunataja badala yake mwenendo wa Mtume kama ulivyopokewa na Muslim kutoka kwa Anas (R.A.). Mwanamke aliyekuwa na upungufu katika akili yake alimwambia kuwa ana haja naye. Mtume akamwachia achague njia yoyote ya mji aitakayo, akasimama naye pembeni hadi alipomaliza yote aliyokuwa nayo. Hakumtuma sahaba amwondoe. Walimu wa madrasa zetu, ambao baadhi yao humrudisha mtoto wa namna hii nyumbani siku ya kwanza kwa kuwa hashiki alifu kwa haraka, waisome Hadithi hiyo. Wengi wa watoto hawa huhifadhi Fatiha na sura fupi wakirudiwa kwa subira, na wanapenda kusimama safuni.

Yamebaki masuala ya fiqhi ambayo tumekuwa tukiulizwa. Mtoto huyu akikua na akili isifikie kiwango cha kubainisha mambo, kalamu imeinuliwa juu yake, haandikiwi dhambi kwa swala iliyompita, ila akiweza afundishwe kwa kadiri yake. Zakatul-fitri hutolewa na anayewajibika kumlisha, hata kama umri wake ni miaka 30. Katika mirathi fungu lake ni kamili kama la ndugu zake, na wale wanaogawana kwa hoja kwamba "yeye pesa atazifanyia nini" wanakula mali ya yatima mchana kweupe. Mali yake ishikwe na walii muaminifu, naye alishwe na kuvishwa kutokana nayo na kusemeshwa kwa wema, kama ilivyoelekezwa katika Surat An-Nisaa, aya ya tano. Kwa madhehebu yetu ya Shafii mali hiyo ikifikia nisabu walii huitolea zaka.

Na ama akika, wako waliomficha mtoto chumbani, siku ya saba ikapita bila jina kutangazwa wala mnyama kuchinjwa, kwa kuona haya. Kwa Mashafii wakati wa akika unaendelea kwa mzazi mpaka mtoto abaleghe. Basi mwenye mtoto wa miaka mitatu au minane ambaye hakumchinjia, na uwezo anao, bado anaweza: mbuzi wawili kwa wa kiume, mmoja kwa wa kike, majirani waalikwe, na mtoto atolewe nje aonekane na kuombewa dua kama walivyofanyiwa ndugu zake. Wallahu a'alam.